Jinsi ya kuwapeleka watu wa mtaani kwako baharini maji yakitoka

Kama unataka watu wa mtaani waijali bahari usianze na semina wala tisheti, mi semina za mazingira nimehudhuria mpaka nimechoka, watu wanakula pilau wanasaini posho wanaondoka. Wapeleke wakanyage wenyewe maji yakiwa yametoka.

Siku ndo kila kitu. Usichague jumamosi yoyote tu, subiri bamvua, zile siku maji yanatoka mbali kabisa, yani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, alafu siku moja mbili baada yake. Huku kwetu Dar kipindi icho maji yanakupwa mida ya saa nne saa tano asubuhi, safi kabisa kwa watoto. Mara yangu ya kwanza nilibeba watoto wa mtaa mzima hadi Kunduchi bila kuuliza mtu, kumbe maji mafu, bahari imekaa palepale, tukacheza mpira mchangani tukarudi. Muulize mvuvi yeyote, anajua bila kushika simu.

Kabla ya hapo pita serikali ya mtaa, na uwaone BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi pale mwaloni, usiwaruke hao. Waombe mzee mvuvi au mama anayechokoa pweza ndo awe mwalimu, we kazi yako kubeba maji ya kunywa. Na umpe chochote maana umemla siku yake. Mzee akianza kusimulia mabomu ya kuvulia samaki yalivyosambaratisha matumbawe aliyoyajua tangu mdogo, hata wale wabishi wanatulia.

Wote wavae raba sio ndala, kuna vile viumbe vyeusi vya duara vyenye miiba mirefu na kuna samaki taa anajifukia mchangani, kwaiyo kwenye maji buruteni miguu. Pitieni kwenye mchanga msikanyage matumbawe, watu wanadhani ni mawe wakati ni wanyama hai, yale ya mviringo yanakua kama sentimita 1 tu kwa mwaka, bomu linalimaliza hapohapo. Nyasi bahari wengi wanaziona uchafu, waambie tasi wanaokaanga nyumbani wanakulia humo. Kombe na viti vya pweza, zile nyota za bahari, mtu aangalie arudishe. Pale Kunduchi waonyeshe na kisiwa cha Mbudya, icho pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi toka 1975, wengi wanajua ni sehemu ya kwenda kuogelea na kula samaki tu.

Maji yakianza kujaa geukeni, msingoje yawafikie, maana yanajaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu.

Mikoko msikurupuke kupanda jamani. Watu wanachomeka miche kwenye mchanga mtupu wanapiga picha, wiki mbili imebebwa na mawimbi. Mikoko inataka tope, alafu ni misitu ya hifadhi, waulizeni TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, kwanza.

Taka je? Okoteni, ila wakati mnaokota wabishanie zimetoka wapi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, sasa utakuta chupa, ndala na pampasi, na nyingi zimeshuka na mito ya Msimbazi na Mlalakuwa na mifereji yetu wenyewe, kwaiyo safari ya pili iwe kufuata mfereji wa mtaani kwenu mpaka unapomwagia.

Bamvua nyingine ni baada ya wiki mbili, itangaze palepale kabla watu hawajapanda daladala.