Kuchunguza Osmosisi kwa Vipande vya Kiazi na Mimumunyo ya Sukari

Kiazi mviringo kimoja kikubwa, sukari ya dukani na mizani inayosoma hadi gramu 0.01 vinatosha kuonyesha osmosisi, yaani jinsi maji yanavyoingia na kutoka katika seli za mmea kupitia utando wake. Kipande cha kiazi kikizamishwa katika mmumunyo hafifu kuliko utomvu wa seli zake, huvuta maji na kuongezeka uzito. Kikizamishwa katika mmumunyo mkali zaidi, hupoteza maji na kupungua, kwa kuwa utando wa seli huruhusu maji kupita lakini huizuia sukari.

Tayarisha kwanza mililita 200 za mmumunyo wa moli 1 kwa lita (moli ni kizio cha kupimia kiasi cha dutu; hapa chini “moli” ni kifupi cha moli kwa lita). Sukari nyeupe ya mezani ni sukrosi karibu tupu, na moli moja ya sukrosi ina gramu 342, hivyo utahitaji gramu 68.4. Wengi hukosea hapa: huimwagia sukari hiyo mililita 200 za maji, wakasahau kwamba sukari iliyoyeyuka nayo huchukua nafasi, mililita 42 hivi, na mmumunyo wao ukaishia karibu na moli 0.83. Yeyusha sukari katika maji yapatayo mililita 120, mimina katika silinda ya kupimia, suuza chombo kwa maji kidogo ambayo nayo utayamimina humo, ndipo ujaze hadi alama ya 200. Kupata mililita 50 za moli 0.2, changanya mililita 10 za mmumunyo huo na 40 za maji. Kwa moli 0.4, 20 na 30. Endelea hivyo hadi moli 1.0, na chombo cha sita kiwe cha maji matupu.

Menya kiazi, kwa maana ganda lake huzuia maji, kisha kata vipande 18 vya unene mmoja na urefu wa sentimita 4, vitatu kwa kila chombo. Vifunike kwa kitambaa kibichi visikauke unapoendelea kukata. Kausha kila kimoja, kipime, andika uzito wake, na uvizamishe vyote kwa muda ulio sawa. Saa moja inatosha. Katika mimumunyo mikali vipande huelea, kwa sababu mmumunyo huo ni mzito kuliko kiazi, na sehemu iliyo juu haiguswi na sukari. Vizamishe kwa kipande cha wavu au kijiko.

Ukaushaji baada ya kuvitoa ndio unaoamua ubora wa matokeo. Viringisha kila kipande juu ya karatasi ya shashi mara zilezile, tuseme nne, bila kukiminya, kwani tone moja la maji lililobaki linaweza kulingana na badiliko lote unalolitafuta. Kabla ya kupima, vijaribu kwa vidole: kilichotoka kwenye maji ni kigumu na hukatika kwa mlio, ilhali cha moli 1.0 hupindika kama mpira.

Kwa kuwa vipande havikuanza na uzito mmoja, linganisha asilimia za badiliko, si gramu. Kipande kilichotoka gramu 2.50 hadi 2.65 kimeongezeka 0.15, yaani asilimia 6. Tafuta wastani wa vipande vitatu vya kila chombo, kisha chora grafu, ukolezi (moli za sukari kwa lita) ukiwa kwenye mhimili mlalo na asilimia kwenye mhimili wima, ukiweka alama ya kutoa kwa vilivyopungua. Mstari unapokata sifuri, maji yanayoingia yanalingana na yanayotoka, na ukolezi huo ndio makadirio ya nguvu ya utomvu wa kiazi chako. Mara nyingi huangukia kati ya moli 0.2 na 0.4, ingawa viazi vilivyohifadhiwa kwenye baridi huweza kutofautiana, kwa kuwa baadhi ya wanga wake hugeuka sukari.

Ukitaka jibu sahihi zaidi, rudia kwa viazi vya fungu lilelile ukitumia moli 0.20, 0.25, 0.30, 0.35 na 0.40; kwa 0.25, kwa mfano, changanya mililita 12.5 za mmumunyo wa mwanzo na 37.5 za maji.