Kuivunja 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Ukiulizwa kama namba ya tarakimu kumi ni tasa, mkono hukimbilia kikokotoo. Uzuie kidogo. Hii nimeichagua kwa kuwa ilimponza mwanahisabati Fermat: aliona 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa (kila moja inatokana na iliyotangulia: toa 1, zidisha kwa yenyewe, ongeza 1), akaamini inayofuata, yaani hii yetu, nayo ni hivyo hivyo. Mwanahisabati mwenzake Euler akaivunja mwaka 1732.

1. Chuja haraka. Inaishia na 7, basi 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu ni 59, kwa hiyo 3 haimo. Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja, maana 7 × 11 × 13 = 1,001: kata namba tatu tatu kutoka kulia, toa, jumlisha, toa. 297 − 967 + 294 − 4 = −380. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoigawa 380.

2. Jua ukomo. Kipeuo cha pili kinazidi 65,536 kwa kiduchu tu. Chini yake kuna namba tasa 6,542. Kuzijaribu moja moja ni adhabu.

3. Tazama ilivyoumbwa. Hapa ndipo kazi ilipo. Namba yetu ni 2³² + 1. Tuseme namba tasa p inaigawa. Basi 2³² ukiigawanya kwa p ni kama inabakiza −1, na 2⁶⁴, ambayo ni kipeo chake cha pili, inabakiza 1. Hakuna kipeo kidogo cha 2 kinachofika 1 kabla ya hapo. Kanuni ndogo ya Fermat (yeye mwenyewe!) inasema 2 kwa kipeo cha p − 1, ukiigawanya kwa p, hubakiza 1, kwa hiyo lazima 64 iigawe p − 1. Baadaye mwanahisabati Lucas alionyesha kwamba hata 128 inaigawa.

Orodhesha sasa 128k + 1: 129, 257, 385, 513, 641. Mbili zinagawanyika kwa 3, moja kwa 5. Zimebaki 257 na 641. Ya kwanza inabakiza 2. Ya pili haibakizi kitu:

641 × 6,700,417 = 4,294,967,297

4. Usiishie hapo. Wengi husahau kukagua kipande kikubwa. Kipeuo chake hakifiki 2,589, na vigawo vyake vinafuata sharti lile lile, kwa hiyo jaribu 641, 769, 1,153 na 1,409 tu. Mabaki ni 44, 120, 334 na 622. Ni tasa.

5. Vuna sifa. Vigawo ni vinne (1, 641, 6,700,417 na namba yenyewe), jumla yake 642 × 6,700,418 = 4,301,668,356. Ukiiandika namba yetu kwa 0 na 1 tu, inaanza na 1, sifuri thelathini na moja, kisha 1. Ninayoipenda zaidi ni hii:

65,536² + 1² = 62,264² + 20,449²

Pande zote mbili ni namba yetu. Namba tasa haiwezi kuwa jumla ya vipeo viwili vya pili kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo mstari huo peke yake ungetosha kuiumbua, hata bila kuijua 641.