Kuteka maji kwa springi za barabarani Vihiga na Kakamega

Ukipita barabara za ndani huku Vihiga ama Kakamega, magharibi mwa Kenya, utaona watu wameshuka bondeni na mitungi ya manjano, basi hapo kuna springi, yani chemchemi. Maji ni ya bure, yanatoka usiku na mchana, na hata kiangazi nyingi hazikauki. Nimeteka maji hapo tangu nikiwa mdogo na nazipenda sana, ndo maana nataka ukija uje vizuri.

Kwanza salimia. Springi nyingi ziko ndani ya shamba la mtu, ni vile tu desturi ya huku haikubali mtu anyimwe maji, kwa hivyo usiingie kama umefika petroli stesheni. Sema "mulembe", uliza laini inaishia wapi, na kama kuna mama ako na mtungi mmoja na wewe umekuja na gari na mitungi kumi, mpishe atangulie. Saa kumi na mbili asubuhi na jioni watoto wakitoka shule ndo kunajaa, saa nane mchana unaweza pata hakuna mtu.

Springi iliyojengwa utaijua kwa ukuta wa simiti na paipu, na pale juu ya ukuta kuna nyasi zimezungushiwa ua. Hapo juu usikanyage kabisa, wala usifunge ng'ombe, manake chini ya hizo nyasi ndo jicho lenyewe, limejazwa mawe na kufunikwa udongo wa mfinyanzi ili uchafu usipenye. Nguo na gari osha kule chini maji yanakoelekea. (Na mwenye shamba akiwa amepanda blugamu, yani mikaratusi, karibu, watu wa huko hawafurahi, huo mti unakunywa maji sana. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliamuru hata ikatwe karibu na vyanzo vya maji.)

Sasa mtungi. Hapa ndo watu wanaharibu. Watafiti walipima springi karibu 200 kule Busia na Butere-Mumias, wakakuta kujenga springi kunapunguza uchafu wa kinyesi pale kwa paipu kwa karibu theluthi mbili, lakini maji hayohayo yakishafika nyumbani uchafu umepungua kwa kama robo tu. Yani maji yanatoka safi alafu yanachafukia kwa mtungi, kwa kikombe na kwa mikono yetu. Ingiza kidole ndani ya mtungi wako, kama unateleza ujue kuna utando. Tia changarawe ngumi mbili, maji kidogo na sabuni, funga, tikisa kwa nguvu ukiugeuza pande zote mpaka yale maji ya kijani yatoke, mwaga, suuza mara mbili tatu. Mtungi uliobeba dawa ya shamba ama mafuta ya gari usiulete, hauoshwi ukatakata. Ukiteka usishike mdomo wa paipu, na kifuniko kiwe kifuniko, sio gunzi la mahindi lililookotwa njiani.

Springi zingine huku utakuta zina dispensa ya klorini, dawa ya kuua vijidudu kwa maji, ni tangi dogo la bluu juu ya nguzo. Weka mtungi mtupu chini yake, zungusha mara moja, inatoa mililita 3 ambazo zinatosha lita 20, alafu nenda ujaze kwa paipu. Ngoja dakika 30 ndo unywe. Usiogope ile harufu, inapungua ukikaa nayo. Kama tangi limeisha, mwambie mtu wa hapo, kawaida kuna mmoja wa kijiji anayelijaza, na maji yako ukifika nyumbani yachemshe, yakishatokota vizuri dakika moja inatosha.

Mvua kubwa ikinyesha angalia rangi kwanza. Maji yakitoka na ukungu kama ya kuoshea mchele, maji ya juu ya ardhi yameingia mahali, pengine ule mtaro wa juu wa kugeuza maji ya mvua umeziba. Hayo usinywe vivi hivi hata kama umekunywa hapo miaka yote. Na ukikuta wanazibua huo mtaro, shika jembe nawe usaidie kabla hujaweka mtungi kwa laini.