Rekodi somo lako la muziki, lisikilize jioni

Mwalimu mwenzangu wa muziki hapa Uganda, jaribu hili: kabla ya kuanza somo, waambie wanafunzi unarekodi, washa kinasa sauti cha simu, iweke kwenye dawati la nyuma kabisa. Jioni hiyohiyo sikiliza ukiwa na kalamu. Hesabu dakika ulizozungumza wewe, na dakika walizopiga au kuimba wao.

Mimi nilianza baada ya kufundisha amadinda, marimba ya Waganda. Unavijua vile vipande 12 vya mbao vinavyolazwa juu ya vigogo vya migomba: wapigaji wawili wanakaa wakitazamana na kupishana mapigo, wa tatu anashika vipande viwili vidogo vya mwisho. Darasani niliamini kwamba wanafunzi wameshindwa kupishana. Rekodi ilisema mengine. Nilieleza kwa maneno muda mrefu mno, na kila mara mpigaji wa pili alipojaribu kuingia, nilimkatiza. Mtoto hakupata nafasi ya kulisikia pengo analopaswa kulijaza! Iliniuma sana.

Somo lililofuata nilipiga sehemu ya kwanza bila kusema neno. Wakapiga makofi penye mapengo, ndipo wakashika vijiti. Walipatana mapema zaidi.

Daftarini andika kilichoshika, kilichokwama, na kitu kimoja cha kubadilisha. Kimoja tu. Ukiweza, mwombe mwenzako asikilize dakika tano, hata akiwa wa hisabati. Asiyejua muziki hung'amua upesi pale maelezo yanapopotea. Kisha futa rekodi.