Jinsi ya Kutambua Umri wa Sinagogi Lililobomoka: Mfano wa Kapernaumu

Anayefika Kapernaumu, kando ya Ziwa la Galilaya, huvutwa kwanza na nguzo za sinagogi, za mawe meupe ya chokaa, zilizosimama katikati ya magofu ya nyumba za mawe meusi ya volkano. Wanaakiolojia Wajerumani Heinrich Kohl na Carl Watzinger, waliochimba hapo mwaka 1905, walitegemea mtindo wa nakshi, na kwa muda mrefu sinagogi hilo likahesabiwa kuwa la karne ya 2 au ya 3. Mimi nashauri uanze na sakafu.

Hatua ya kwanza, ambayo haipaswi kuharakishwa hata kidogo, ni kutafuta mahali ambapo mabamba ya sakafu hayajawahi kung'olewa. Kagua chokaa inayoyashikilia. Ukiona ufa au kiraka, hamia kwingine, kwa kuwa kitu chochote kilicho chini yake huenda kiliingia baadaye. Pima, chora na upige picha kila bamba, kisha ulipe namba.

Hatua ya pili, inua mabamba machache na uchimbe kwa mwiko, tabaka moja baada ya jingine, ukichekecha udongo wote, maana sarafu za shaba za karne ya 4 na ya 5 mara nyingi ni ndogo kuliko ukucha. Usizisafishe hapo uwanjani.

Hatua ya tatu ni kuzisoma. Iliyo mpya kuliko zote ndiyo inayoamua: sakafu haiwezi kuwa ya kale kuliko sarafu iliyozibwa chini yake, ingawa yaweza kuwa ya baadaye sana, kwa sababu fedha kuukuu huendelea kupita mikononi mwa watu. Watawa Wafransisko Virgilio Corbo na Stanislao Loffreda, walioanza kuchimba mwaka 1968, walipata chini ya sakafu maelfu ya sarafu pamoja na vigae vya vyungu, wakahitimisha kwamba ujenzi ulianza mwishoni mwa karne ya 4 na kukamilika katika karne ya 5. Waliowapinga walisema sakafu huenda ilitengenezwa upya katika jengo la zamani zaidi, na hoja hiyo hujibiwa tu na aliyefanya hatua ya kwanza kwa uaminifu.

Chini zaidi kuna kuta za mawe meusi, ambazo wengi hutamani ziwe za sinagogi linalotajwa katika Luka 7. Ziandike kando, na sarafu zake kando.

Mwishoni rudisha mabamba kwa namba zake, ukiacha sehemu ya sakafu bila kuguswa kwa ajili ya watakaokuja na vifaa bora.