Kufika geti la Sirimon ukitoka Nairobi: mambo ya kuzingatia kabla

Mtu akiamua kupanda Mlima Kenya anahangaika na buti na slipingi begi wiki tatu nzima, alafu safari yenyewe ya kutoka Nairobi inapangwa usiku wa kuamkia, saa 5, kwa grupu ya WhatsApp, mmoja ndio anaamka kuuliza "kwani tunakutana wapi?" Wengi wanaharibikiwa hapo, kati ya mji na geti la Sirimon, moja ya mageti ya kuingilia mbuga ya Mlima Kenya, hata kabla waone mlima.

Kitu ya kwanza, masaa usiyahesabu kuanzia kwako nyumbani, anzia getini urudi nyuma. Kutoka geti la Sirimon (kama mita 2,650) mpaka kambi ya Old Moses (mita 3,300) ni kilomita 9 hivi, masaa matatu au manne ukiwa na mzigo, na mchana huko wingu hupenda kushuka na mvua yake. Basi saa 6 mchana iwakute mshaanza kutembea. Toa saa moja ya kujiandikisha na kufunga mizigo, toa saa nyingine ya kutoka Nanyuki, mji wa karibu na geti, toa masaa manne ya barabara sababu Nanyuki ni karibu kilomita 200, alafu toa ile saa ambayo hakuna mtu huwa anahesabu, ya kungoja gari ijae. Utajikuta stejini saa 11 alfajiri, na ndio hivyo.

Hii nilijifunza kwa uchungu. Mara yangu ya kwanza tulifika stejini saa 2 asubuhi, makanga akasema "wawili tu tunatoka", na kweli ndani kulikuwa kumejaa. Tukauziwa njugu, soksi, chaja, saa nzima ikaisha, alafu watu wanne wakashuka polepole bila hata kuaga wakaenda kukaa kwa gari ya nyuma, kumbe walikuwa wa kujaza viti tu, wanalipwa kukaa. Tulifika getini saa 10 jioni, tukaambiwa tulale hapo tuanze kesho, siku moja ikaenda hivyo. Siku hizi nachungulia abiria kabla sijaingia: asiye na begi wala hata karatasi ya mkate, huyo haendi Nanyuki.

Kama unaweza toka siku moja mapema, toka. Watu husema ukilala Nanyuki mwili unazoea urefu, mimi sioni, Nanyuki ni kama mita 1,900 na Nairobi haiko mbali na hapo. Ukilala getini, hiyo ndio mwili utaisikia. Kuna pia treni ya Nanyuki, ilirudishwa 2020, ni tamu lakini inatambaa, chukua tu kama una siku ya kupoteza, na uulize kwanza kama hiyo wiki inatoka.

Kipande cha mwisho ndio kinasumbua. Ukitoka Nanyuki unashika barabara ya Meru kama kilomita 15, unakata kulia, alafu bado kilomita 10 hivi za kupanda. Matatu ya Meru itakuacha hapo njia panda na begi lako, boda zipo, lakini mtu na begi la lita 70 kwa boda ni sarakasi. Mkiwa watu wanne chukueni Probox, ile gari ndogo ya teksi, hapo Nanyuki mjini, na mpatane bei ya gari sio ya kichwa, na umuulize kabisa "mpaka getini, pamoja na mizigo?" sababu kuna wale hufika kwa lami mbaya wakakumbuka petroli.

Malipo ya KWS (shirika la wanyamapori, ndio wenye mbuga) fanya ukiwa bado Nairobi, kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, usitegemee kash getini, na risiti uipige picha. Peke yako hawakuruhusu, uwe na mwenzako au kiongozi wa mlima. Na yale maji ya chupa mnanunuanga njiani Karatina, plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku kwa mbuga tangu Juni 2020, beba chupa ya chuma. Begi litie ndani ya gunia kabla ya kupanda mat, mikanda haitanaswa kwa viti vya watu, na jaketi ya mvua iwe juu kabisa.

Sasa kurudi. Wengi wanapandia Sirimon wanashukia geti lingine, Chogoria, alafu gari wameacha Sirimon! Hiyo ni upande mwingine wa mlima kabisa. Na geti la Chogoria (mita 2,950) sio mjini, kuna kama kilomita 30 za barabara mbovu mpaka Chogoria yenyewe, ni gari ya foo-bai-foo (4x4), na miezi ya Machi mpaka Mei tope lake ni lingine. Ukishafika mjini hapo matatu za kupitia Embu zitakuleta mpaka Tea Room, steji ya Nairobi. Yule dereva wa foo-bai-foo mpange ukiwa Nairobi, mtumie tarehe na pia siku yenyewe ya wiki, na umpigie tena ukiwa Nanyuki kabla ya kupanda Probox, sababu huko juu mtandao unakuja ukitaka wenyewe.