Mgonjwa wa ICU mwenye trakeostomi: namna ya kumrudisha kwenye kumeza

Naandika hii kwa manesi wenzangu wa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) na kwa ndugu wanaokuja kumwona mgonjwa, maana wote tunakutana kwenye swali hilohilo, ataanza kula lini? Trakeostomi ni tundu linalotobolewa mbele ya shingo na kuwekwa bomba la kupumulia. Watu wanaona bomba liko shingoni, mdomo uko wazi, basi mpe uji. Hapana jamani, subirini kwanza.

Elewa puto. Lile puto dogo linalozunguka bomba ndani ya koo la hewa HALIZUII chakula kuingia mapafuni. Limekaa chini ya nyuzi za sauti, kwa hiyo kitu kikifika pale ujue kishakosea njia, na kinapenya pembeni taratibu, mate nayo yanajikusanya juu yake masaa yote. Kuna wanaoona mgonjwa anapaliwa wanaongeza upepo, hiyo siyo dawa. Presha ya puto inatakiwa iwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji, ukizidisha unaumiza ukuta wa koo na unakandamiza umio, yaani njia ya chakula iliyopo nyuma yake, kumeza kunazidi kuwa kugumu.

Halafu puto likiwa limejaa, hewa haifiki juu kabisa, inatokea shingoni. Hasikii harufu, ladha inapungua, sauti hamna, kikohozi hakina nguvu na koo linapoteza hisia, ongeza na misuli iliyolegea kwa kulala muda mrefu. Ndo maana wengi wanapaliwa kimyakimya, maji yanaingia mapafuni na mtu hakohoi hata kidogo. Kwa hiyo usiniambie "alikunywa vizuri tu, hakukohoa", hiyo peke yake haitoshi.

Sasa tunaanzaje? Mgonjwa awe macho, anafuata maelekezo, anapumua kwa utulivu na siyo yule wa kufyonzwa makohozi kila baada ya dakika chache. Safisha mdomo vizuri, meno na ulimi, kila siku hata kama hali chochote, maana mate machafu yakishuka ndo yanaleta nimonia. Mkalishe wima. Kama daktari karidhia, fyonza mdomoni, kisha toa upepo wa puto polepole huku mwenzako anafyonza kwenye bomba, kwa sababu yale mate yaliyolala juu ya puto yatashuka yote kwa mkupuo na atakohoa sana. Mpe muda atulie, angalia oksijeni.

Akivumilia ndo unaweka valvu ya kuongelea, kile kifuniko cha kwenye bomba kinachoruhusu hewa kuingia tu, ya kutoka inapita juu kooni. Hapa naomba usikie vizuri: USIWEKE valvu kabla puto halijaisha upepo wote, hewa itaingia na haitakuwa na pa kutokea, utamuua mtu. Ikikaa sawa hewa inapita juu, anapata sauti, anakohoa kwa nguvu, harufu inarudi, na kumeza nako mara nyingi kunaboreka. Anza na dakika chache, ongeza siku kwa siku.

Anza na mate yake mwenyewe, siyo chakula. Weka vidole kwa wepesi kwenye koromeo, mwambie ameze, linatakiwa lipande juu. Likipanda vizuri mpe kijiko cha chai cha maji, kimoja, ngoja, msikilize sauti. Sauti ikiwa na majimaji, pumzi ikienda mbio, oksijeni ikishuka, acha hapohapo. Kuna kipimo cha kutia rangi ya bluu ya chakula kwenye maji halafu unafyonza kwenye bomba uone, bluu ikitoka jibu unalo, lakini isipotoka usishangilie, kinakosa wengi. Kama hospitali yenu ina kamera nyembamba ya kupitisha puani kuangalia koo wakati anameza, ombeni hiyo, na kama kuna mtaalamu wa kumeza aitwe mapema asisubiri mpaka mtu atoke ICU.

Wakati wote huu lishe inaendelea kwa mpira wa puani, kitanda kimeinuliwa nyuzi 30 mpaka 45, hana njaa, kwa hiyo haraka ya nini?

Ndugu, najua inauma kumwangalia mtu wako anaomba maji. Omba nesi akuoneshe kumlowanisha midomo na kumsafisha kinywa, mkumbushe kumeza mate mara kwa mara, hayo ndo mazoezi yenyewe. Uji na juisi acha kwenye mfuko mpaka uambiwe, na ukiona makohozi ya kwenye bomba yamebadilika rangi au yana mabaki ya chakula mwite nesi saa hiyohiyo.